Bi Zuena Aliyefuturisha Mpunga

Mama mkwe wangu, Bi Zuena binti Mshamu, hakujua kumpita mtu mwenye njaa. Watu wa Dimani wakimsifu kwa jambo hilo huwa naitikia kwa adabu, maana wao walikuwa wanakula na kwenda zao. Mimi, Salima, mke wa mwanawe Mfaume, ndiye niliyekuwa napika.

Nimekaa naye nyumba moja tangu nilipoolewa mpaka alipotutoka, kwa hiyo ninayosema si ya kusikia. Lori la nazi liliwahi kuharibikia mbele ya nyumba yetu, kwenye njia ya Kibiti, na kabla dereva hajashuka kutazama kilichokatika mama mkwe alikwishauliza wako wangapi. Walikula mchele niliouficha kwa ajili ya ugeni wa mama yangu mzazi. Mama alipokuja nikampikia ugali wa muhogo, akarudi kwao akasimulia kwamba binti yake ameolewa kwa mafukara.

Siku nyingine, alfajiri, alimkuta mwizi bandani, jogoo wetu kamkumbatia kwapani. Mama mkwe akamwuliza kama amekula. Mwizi, kwa mshangao, akasema kweli: hajala tangu jana. Akakalishwa kwenye kibao, akapewa chai na muhogo wa kuchemsha, na alipomaliza aliona haya akamwacha jogoo. Mwaka uliofuata alimleta mchumba wake atambulishwe. Nao wakala.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo naikubali, ila aliyeitunga nadhani hakuwa mkaza mwana wa mtu.

Tena mama mkwe alikuwa na mdomo. Habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, haikulala humo. Ukitaka jambo lako lifike Ikwiriri kabla ya basi, mwambie Bi Zuena na umwombe asimwambie mtu. Kitu kimoja tu hakukisema maisha yake yote, nacho ni sadaka aliyoitoa kwa siri. Mwalimu wake wa madrasa alimfundisha utotoni kwamba sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia, na yeye akaelewa kwamba ukiitangaza thawabu zake zimekwenda. Hilo lishike, maana ndilo lililotaka kutuponza kijiji kizima.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa kila mtu auze anachotaka. Mitumba ilifika mpaka kwetu, vijana wakavaa makoti ya baridi juani, na wanunuzi binafsi wa korosho na ufuta walikuja na mizani zao, kila mmoja akiapa kwamba ya mwenzake ina hila. Ikwiriri mpunga mzuri ulikuwa unagombewa. Uliogombewa kuliko wote uliitwa Shingo ya Mwali, kwa jinsi suke lake linavyoinama likiiva. Ukiupika, jirani wa nyumba ya tatu anakohoa mlangoni kwako. Lakini Shingo ya Mwali ulitaka bonde, mguu wake ukae kwenye maji. Sisi tuliokuwa na mashamba ya juu, yanayotegemea mvua tu, tulipanda mbegu aliyotuachia marehemu baba mkwe, mpunga mgumu kama changarawe ambao hakuna mnunuzi aliyeuliza jina lake.

Hapo ndipo alipokuja Hafidha. Alikuwa binti wa watu wa Mohoro, ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, lakini yeye biashara hakuitaka. Alisoma kilimo akaajiriwa na kituo kimoja cha utafiti wa mpunga. Bibi yake na mama mkwe walijuana tangu enzi za kuuziana mikeka, kwa hiyo alipotafuta ua wenye jua kali na mtu mwaminifu wa kulinda, aliletwa kwetu. Alishusha ndoo kubwa za rangi zilizokwisha rangi, akazijaza udongo, akapandikiza miche mikubwa ya mpunga wa mbegu mbalimbali, ukiwemo Shingo ya Mwali na ule mgumu wetu. Juu akatandaza paa la nailoni mvua isiingie. Kazi ya mama mkwe ilikuwa kufukuza kuku na ngedere, na kumwagilia kama atakavyoelekezwa.

Kabla hajaondoka siku hiyo alikaa nasi mkekani akatueleza anachokitafuta. Alieleza vizuri, nami nilielewa, ingawa wakati ule nilikuwa nachambua kisamvu.

"Jani lina matundu madogo sana upande wa chini, mama, kama midomo," alisema. "Likifungua midomo, hewa inaingia. Hewa hiyo, na maji, na mwanga wa jua, ndiyo chakula chake. Linajipikia lenyewe."

"Linajipikia," alisema mama mkwe, akanigeukia. "Unasikia, Salima? Jani."

"Ila likifungua midomo lile, maji yake yanatoka, yanapotea hewani. Likifumba yasitoke, halili. Kiu ikiwa kali, jani lina mawili tu: life kiu au lishinde na njaa."

"Maskini."

"Sasa mie natafuta kilichomo ndani. Jani ni chembe nyingi ndogondogo, na kila chembe imezungukwa na utando, mwembamba kuliko ile ngozi ya ndani ya ganda la yai. Kwenye utando huo kuna protini. Si kama hizi za maharage unazosikia redioni. Hizi ni kama mabawabu, wamekaa kwenye vijilango vya maji, wanafungua na kufunga. Nami nadhani wako mabawabu wengine wanaoipitisha ile hewa. Mpunga wenye mabawabu wazuri utakula vizuri bila kumwaga maji yake ovyo. Huo ukipatikana, hata shamba la juu litatoa. Wakubwa zangu wengine wananicheka."

Mama mkwe alitafakari. "Hao mabawabu wanalipwa nini?"

"Hawalipwi, mama."

"Ndiyo maana wanamwaga maji."

Hafidha alicheka mpaka ushungi ukamtoka kichwani. Kisha akafunga nyuzi kwenye ndoo, nusu za buluu, nusu nyekundu. Ramadhani ilikuwa imekwishaingia, na mwaka ule iliangukia jua la kaskazi, lile linalokausha mate kabla ya saa nne asubuhi. Akasema ndoo zote zinywe mpaka kumi la mwisho la mwezi lianze. Kuanzia hapo zenye uzi wa buluu ziendelee kunywa, zenye uzi mwekundu zisipate hata tone, mpaka Idi.

"Mchana unakusudia," alisema mama mkwe.

"Mchana na usiku."

"Na magharibi je?"

"Magharibi nayo, mama. Hata tone."

Mama mkwe aliinuka akafukuza kuku. Mimi nilidhani ameelewa. Nimeishi naye miaka yote ile na bado nilidhani hivyo.

Aliyoyafanya nilikuja kuyajua baadaye pamoja na watu wote, lakini wewe nitakuambia sasa, sina sababu ya kukuficha. Kwetu pwani Ramadhani mtu hapiti nyumba ya watu wakati wa kufuturu. Mkeka unatandikwa nje, na mpita njia anashikwa mkono akalishwe, atake asitake, kwa sababu anayemfuturisha aliyefunga anaandikiwa thawabu kama za yule aliyefunga. Na kumi la mwisho, kila mtu anajua, ndilo lenye malipo makubwa. Sasa mkeka wetu ulikuwa ukitandikwa ubavuni mwa jiko, na hatua moja kutoka hapo ilipangwa safu ya Shingo ya Mwali wenye uzi mwekundu. Siku ya tatu ya kiu safu ile ilikuwa imeinama mpaka majani yanagusa ukingo wa ndoo. Mbegu nyingine zilikuwa bado zimesimama, zimejikunja tu kidogo. Mama mkwe alikaa na tende yake mkononi, adhana inasomwa, akatazama viumbe hivyo vilivyoshinda juani mchana kutwa bila kunywa, vimekaa jirani na mkeka wake, na havikaribishwi. Alikwishafundishwa kwamba kuunganisha saumu bila kufuturu si jambo jema. Akahukumu kwamba Hafidha ni mtoto mzuri ila dini hakuisoma ya kutosha.

Basi akawa anafuturisha. Kila magharibi, tukishainuka kwenda kuswali, yeye anabaki nyuma kidogo, anateka kata moja ya maji mtungini kwa kila ndoo ya safu ile. Wale wa mbali hakuwapa, kwa kuwa walikuwa bado wana nguvu, na anayeanza kupewa ni jirani aliyezidiwa. Na hakumwambia mtu, maana ilikuwa sadaka.

Kisima chetu kaskazi ile kilikuwa kinakaribia tope. Mimi ndiye niliyekuwa nachota, tena kwa foleni. Nilipoona mtungi unaisha upesi nilimlaumu Mfaume kwamba anaoga kama bwana harusi. Akaapa kwamba anaoga kopo moja. Tulinuniana siku kadhaa kwa ajili hiyo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mkononi mwa mama yake.

Hafidha alikuwa akilala Kibiti, kwenye nyumba ya wageni, kwa ajili ya kupata barafu kwa wauza samaki. Siku moja moja alikuja asubuhi, akapima ndoo kwa mizani ya kuning'iniza kujua maji kiasi gani yamepotea, akabana majani kwa kibanio chenye waya kinachoonyesha jani linavuta hewa kiasi gani, akakata vipande akavitia kwenye barafu. Mara ya kwanza alipopima safu ya Shingo ya Mwali alidhani mizani ni mbovu. Akapima tena. Mara ya pili alikaa chini.

"Salima," aliniita. "Ndoo hizi hazipungui. Zinapoteza maji kidogo sana. Na majani yanakula. Yanakula kama yale yanayokunywa. Unajua maana yake? Mlango wa maji umefungwa na wa chakula uko wazi."

Nilimwambia alhamdulillahi. Nilikuwa na saumu na kichwa kinaniuma, ningemwambia alhamdulillahi hata kama angesema nyumba inaungua.

Kuna jioni moja alichelewa akafuturu nasi. Nilipika bokoboko la ngano na nyama, nikalimiminia samli. Mama mkwe siku hiyo alibanwa, kwa sababu mgeni hakuondoka mkekani. Mwisho akachukua birika la kunawia, akamwambia, "Njoo unawie huku, mwanangu, tusiuloweshe mkeka." Akamsogeza mpaka kwenye ndoo, akammiminia, akamsogeza ndoo ya pili eti bado kuna samli kwenye vidole, akamsogeza ya tatu. Nilifikiri ni heshima ya mgeni. Hafidha alinawa mikono juu ya utafiti wake mwenyewe, safu nzima, huku akitusimulia jinsi mpunga ule usivyopoteza maji.

Siku ya Idi ndoo zote nyekundu zilikuwa za kusikitisha, majani yamesokotana, isipokuwa safu moja iliyosimama kijani inapepea. Hafidha alilia kwa furaha. Alimkumbatia mama mkwe akamwambia, "Mama, ulinzi wako umeniokoa." Mama mkwe akasema si kitu, akaenda kufunika mtungi.

Haikupita wiki akaja mkubwa wake Hafidha, Dakta Muhidini, mtu mnene wa kaunda suti, pamoja na lori la magunia. Huyu alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanamcheka. Sasa kila sentensi yake ilikuwa na maneno "utafiti wetu". Masika ilikuwa inanukia, akasema haifai kupoteza msimu. Wanakijiji walikusanyika uani kwetu, nami nikachemsha chai ya wote, bila shaka. Mpango wake ulikuwa hivi: kila mwenye shamba la juu alete mbegu yake ya zamani apewe Shingo ya Mwali, pishi kwa pishi. Ile ya zamani ingekwenda na lori.

Nisikilize vizuri hapo. Mtu angebaki na mbegu moja tu ndani ya nyumba. Ikiota, atauza Ikwiriri na wenye mabonde. Isipoota, hana hata punje ya kurudia, na mwaka mzima yeye na watoto wake watawekewa sahani na mama mkwe wangu, yaani na mimi.

Mzee Huseni, aliyelima bondeni tangu ujana, alinyosha mkono. "Mpunga huu mie naujua, Dakta. Maji yakishuka chini ya kifundo tu, unaanza kununa. Utakaaje juu?"

"Mzee wangu, macho yako yanaona nini pale?" Dakta aliuliza, akionyesha ndoo.

Mzee Huseni alitazama. Uzi mwekundu ulikuwepo na mpunga ulikuwa kijani. Alikuna kichwa akakaa. Baada ya hapo watu walikwenda majumbani wakarudi na vikapu. Wa kwanza kabisa alikuwa Abdalah, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, bahili ambaye Ramadhani hufuturu ndani na mlango kaupiga komeo. Alimimina mbegu yake guniani, akahesabu pishi zake mara mbili, akaondoka mbio kabla bei haijabadilika.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko. Watu wote wale uani kwake, na yeye hasemi. Nilimpelekea chai akaiacha ipoe. Nikamgusa paji la uso nikidhani ana homa.

"Naumwa na roho," aliniambia polepole. Sikuelewa.

Kisha Mfaume akatoka ndani. Alikuwa amepanda darini juu ya moshi, akateremsha kapu la mbegu ya marehemu baba yake, yote, na masizi yake. Nilimwona akiifuta kwa kiganja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwishakubali. Nilikuwa nimechoka kutafuna changarawe, na moyoni nilikwishanunua khanga mbili. Mfaume aliinua kapu juu ya mdomo wa gunia.

"Mfaume, mwanangu, usimimine," mama mkwe alisema.

Alisimama. Alikuwa ameshika kata.

"Huyo mwali hakushinda na kiu. Mie nilikuwa namfuturisha."

Dakta Muhidini akauliza, "Unasema nini, mama?"

"Tangu siku ya tatu mpaka Idi, kila magharibi. Kata moja kila ndoo. Wenziwe walikuwa wamesimama, yeye alikuwa kashalala. Hana uvumilivu wowote, baba. Anakunywa kuliko wote. Mkimpeleka juu atakufa kabla hajamaliza mwezi, na nyinyi mtalala njaa."

Hafidha alikuwa amesimama karibu na mizani. "Mama. Nilikwambia hata tone."

"Uliniambia, mwanangu. Nikadhani dini hukufika mbali." Mama mkwe aliteremsha sauti, lakini sauti yake ikiteremka bado inafika barabarani. "Na weye mwenyewe uliwanywesha siku ile ya bokoboko."

Hafidha aliangalia mikono yake, huu na huu. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, haikufaa kitu, na baada ya hapo ua mzima ukavunjika mbavu. Mzee Huseni alicheka mpaka akashikwa mgongo. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Mfaume, ambaye alikuwa amelikumbatia kapu lile kama mtoto aliyenusurika kutumbukia kisimani, na namtazama Hafidha, aliyegeuza ndoo tupu akaikalia. Nilimwonea huruma sana. Alikuwa amekaribia kuona alichokitafuta, na alichokiona ni maji ya mtungi wetu.

"Hafidha," Dakta Muhidini alisema akifunga vifungo vya koti, "utafiti wako huu tutauzungumzia ofisini."

Watu wakachukua vikapu vyao wakarudi navyo. Abdalah alifuatwa nyumbani akaambiwa aje abadilishe tena. Akakataa, akasema wote wale wana wivu, wanataka kumnyang'anya mpunga wa bei.

Jioni nilimkuta mama mkwe jikoni analia. Nilidhani ni aibu.

"Aibu ya nini?" alisema. "Kumi la mwisho, Salima. Nimelisema mbele ya watu. Limekwenda lote."

Nilitaka kumwambia kwamba Mungu hahesabu hivyo. Lakini mimi si mwalimu wa madrasa, na yeye aliamini, na akijua hivyo alisimama na kusema. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono. Ni siku hiyo niliyoacha kuhesabu michele yangu. Kwa muda, walau.

Masika ile ilikuwa fupi. Ilinyesha vizuri, ikakatika, ikarudi imechelewa. Mpunga wetu mgumu ulitoa wa kula mpaka msimu uliofuata, na tulitafuna changarawe ile kwa shukrani. Abdalah alivuna majani. Kuanzia hapo kila magharibi alikuwa akikohoa uani kwetu, na mama mkwe akamwita "karibu" kama vile hajui amekuja kwa nini. Mtu akamwuliza mbona anamlisha bahili aliyekataa kumsikiliza. Akajibu kwamba tumbo lake halikuhudhuria ule mkutano.

Hafidha hakufukuzwa. Aliandika yaliyotokea, bokoboko na kunawa mikono na yote, akayasoma kwa wakubwa zake, na nasikia walicheka mpaka wakampa ruhusa ya kurudia. Mwaka uliofuata alirudi na ndoo zake. Hakuziweka kwetu. Aliziweka kwa Abdalah, mtu ambaye hata kukaa kivulini kwa ua wake angekutoza fedha, kama angejua namna.

Mama mkwe aliumia. Ramadhani ile kila magharibi alikaa upande wa mkeka unaotazama uani kwa Abdalah, akaona ndoo nyekundu zinalala, na tende haishuki. Mara moja nilimkuta karibu na ua, kata mkononi.

"Nawanywesha kuku," alisema.

"Kuku wamelala, mama."

Akarudi.

Safari hiyo Shingo ya Mwali alianguka siku ya nne. Aliyebaki amesimama hadi Idi, mwembamba, kakunja majani yake kama mtu aliyejikunyata kwenye baridi, ni mpunga wa marehemu baba mkwe. Hafidha alisema unafumba midomo yake mapema mno na mabawabu wake ni wagumu, hawafungulii maji, ndiyo maana hauli vya kutosha, haunenepi, na haufi. "Mabawabu wa ukoo wa Abdalah," alisema mama mkwe. Wale mabawabu anaowatafuta, wanaokaribisha chakula bila kumwaga maji, Hafidha hakuwapata mwaka ule. Nasikia anawatafuta mpaka leo.

Alipoaga alituachia ndoo moja ya Shingo ya Mwali, haina uzi wowote. "Huu wako, mama," alimwambia. "Unyweshe mpaka uchoke." Mama mkwe aliunywesha asubuhi na jioni, akauwekea mchanja wa makuti juu, akauongelesha. Tuliuvuna, nikautwanga, ukatoa sahani moja. Nikaupika kwa tui, harufu ikajaa ua wote, na nikasema leo, kwa mara moja katika maisha yangu, nitaonja. Akapita muuza mikeka kutoka Mohoro, na jua lilikuwa linazama.

Mama mkwe alitutoka miaka mingi baadaye, kwa utulivu, baada ya kuniuliza kama waliokuja kumtazama wamekula. Ile ndoo ipo, ubavuni mwa jiko. Nimepanda mrehani. Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, na jua lenyewe likiwa kali, huwa nangoja Mfaume na watoto wainuke kwenda kuswali, nateka kata moja, naumwagia. Miaka yote hii sijamwambia mtu. Sasa nimekusimulia wewe, basi thawabu zangu nazo zimekwenda.